Marekani Imeendeleza Nafuu ya Kodi: Wewe Unayetumiwa Pesa Inakuhusu Vipi?

Kama ulikuwa umeajiriwa mwaka 2020, unakumbuka. Aprili, wakati wa korona, serikali ilishusha kiwango cha juu cha PAYE kutoka asilimia 30 hadi 25. Januari 2021 tukarudishwa 30. Nafuu ikaisha hivyo.

Marekani wameenda njia nyingine. Sheria yao ya 2017 ilipunguza kodi ya mapato (kiwango cha juu kilitoka asilimia 39.6 hadi 37), ila nafuu hiyo ilikuwa iishe Desemba 2025. Kabla siku haijafika, tarehe 4 Julai 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi sheria ya kuiendeleza, na safari hii viwango hivyo havina tarehe ya kuisha.

Sasa pengo linajazwa na nini? Kwa sehemu kubwa, mikopo. CBO, ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba sheria hiyo kwa jumla itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 kwa miaka 10, bila kuhesabu riba. Hiyo ni hata baada ya kupunguza matumizi ya matibabu ya watu wa kipato cha chini.

Wanaoiunga mkono husema watu wakibaki na pesa mfukoni, uchumi utakua na kodi itajirudisha. Kuna ukweli, lakini kidogo. CBO ilipopigia hesabu mswada ulivyopita kwanza katika Baraza la Wawakilishi, ukuaji wa uchumi ulirudisha dola bilioni 85 hivi. Riba nayo, kwa sababu viwango vyake vingepanda, ikaongezeka kwa bilioni 441. Aliyewahi kulipa mkopo wa simu kwa mkopo mwingine wa simu anaijua vizuri hesabu hii.

Humo humo ndani ya sheria kuna kitu kinachotugusa moja kwa moja: ushuru wa asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ya Marekani, kuanzia 1 Januari 2026. Mswada ulianza na asilimia 5, ukateremshwa. Haufiki popote karibu na kuziba pengo lile, lakini kwa dada anayetuma dola 200 kila mwezi ni dola 2 zaidi kila mara.

Habari njema ni kwamba unatozwa anayelipia kwa keshi, au kwa hundi ya benki na hati nyingine za aina hiyo. Akituma kutoka akaunti yake ya benki ya huko, au kwa kadi ya debiti au krediti iliyotolewa Marekani, hatozwi. Kwa hivyo muulize analipia vipi.

Na ushuru huu hulipwa na mtumaji, huko huko, wakati anatuma. Ukipata SMS inayosema utume asilimia 1 ndipo pesa zako "zifunguliwe", huyo ni tapeli. Usitume chochote, na usimpe mtu PIN yako.