Sentimita 21: Wimbi la angani lisilozuiwa na mawingu ya Kanama

SISI wakazi wa Kanama, wilayani Rubavu, tunayajua mawingu. Msimu wa mvua hupita siku nyingi hata vilele vya volkano havionekani, sembuse nyota. Haishangazi basi kwamba wanafunzi wengi huona elimu ya anga ni ya watu wa jangwani wenye darubini za mabilioni.

Lakini kuna tawi la elimu hiyo ambalo mawingu hayalizuii. Linategemea wimbi la redio linalotoka kwenye gesi ya haidrojeni, lenye urefu wa sentimita 21 na masafa ya megahezi 1,420.4.

Nilisomea uhamishoni Tanzania, ambako tulikariri mistari ya mwanga wa haidrojeni ili kufaulu mtihani. Matumizi yake hatukuambiwa.

Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, kila moja ikifanya kama pia inayozunguka. Zikizunguka kwa mwelekeo mmoja, atomu huwa na ziada ndogo sana ya nishati. Elektroni ikijigeuza, ziada hiyo hutoka kama wimbi. Atomu moja huweza kungoja takriban miaka milioni 11 kabla ya kujigeuza, ila angani haidrojeni ni nyingi kiasi kwamba wimbi halikatiki.

Mholanzi H.C. van de Hulst alilitabiri mwaka 1944, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Machi 25, 1951, Harold Ewen na Edward Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walilinasa kwa antena ya mbao yenye umbo la tarumbeta, iliyowekewa shaba na kuchomozwa dirishani. Msomaji ataona kuwa haukuwa mtambo wa kutisha.

Gesi ikija kwetu wimbi hufupika, ikienda mbali hurefuka. Kwa njia hiyo wataalamu walichora mikono ya galaksi yetu iliyofichwa na vumbi. Ramani maarufu ya mwaka 1958 ilibidi iunganishwe, nusu kutoka Uholanzi na nusu kutoka Australia, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeona anga yote.

Kanama haifiki nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Mkanda wote wa galaksi hupita juu yetu, kaskazini na kusini, na sisi tumelala.

Ghana ilizindua mwaka 2017 darubini ya redio huko Kuntunse, iliyotokana na dishi kuukuu la simu la mita 32. Kenya nayo iliwahi kupanga kuligeuza dishi la Longonot. Afrika Kusini ilizindua MeerKAT, yenye madishi 64, mwaka 2018.

Shule haihitaji dishi la namna hiyo. Duniani kote wapenzi wa anga hulinasa wimbi hili kwa boksi gumu lililobandikwa karatasi ya alumini, kopo la bati, kikuza mawimbi na kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Boksi na kopo vipo sokoni Mahoko. Kikuza na kipokezi ndivyo vya kuagiza, na hapo ndipo bajeti za shule hukwama.

Kuna jambo jingine lisilosubiri bajeti. Kanuni za kimataifa zinakataza kurusha matangazo kati ya megahezi 1,400 na 1,427. Hata hivyo, wimbi la haidrojeni ya kale zaidi hutufikia likiwa limerefuka kupita mita moja, katika masafa ambamo redio za FM hurusha muziki. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda utulivu wa eneo lake la Karoo. Kwetu minara inaongezeka kila kilima, na bonde likishazungukwa nayo ni vigumu kulirudishia ukimya. Wanaotoa vibali vya minara wangeanza kwa kupima mabonde yapi bado yametulia.