Nusu kichwa na stima imepotea: Nani atatuundia kifaa cha nywele kinachotufaa?

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimeketi katika saluni ya mabati Ruiru, hatua chache kutoka steji. Nywele za upande wa kushoto zilikuwa zimenyooka hadi begani. Za kulia zilikuwa bado zimejikunja vilevile nilivyoamka nazo. Ndipo stima ikapotea. Blodraya ikakata mluzi wake, redio ikanyamaza, nami nikabaki na sura mbili kwenye kioo kimoja.

Kama unaishi huku unajua kinachofuata. Wewe unaangalia saa, msusi anaangalia nyaya nje, jirani wa kinyozi anatoka mlangoni na mteja wake aliyenyolewa nusu. Neno ni lilelile: vumilia, mrembo. Na mimi nilikuwa na harusi Thika kesho yake asubuhi.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikahesabu vitu mezani. Blodraya yenye chanuo la mbele lililong'oka meno matatu. Pasi ya nywele ya sahani pana. Fimbo ya kuviringisha. Chanuo la chuma, lile la kuwekwa jikoni. Birika la maji moto ya kuchovya misuko. Kiberiti cha gesi cha kuchoma ncha za rasta. Vitu sita, na vyote vinafanya kazi moja tu: kupeleka joto kwenye nywele. Vinne kati yake vinapigania ekstensheni moja ya stima.

Mbona visiwe kimoja? Na mbona vyote viliundwa na mtu ambaye huenda hajawahi kushika kichwa kama changu?

Nina sababu ya kuuliza. Nyuma ya sikio langu la kulia kuna kovu dogo, refu kama punje ya mchele. Nililipata Makongeni, Thika, nikiwa na miaka minane, mkesha wa Krismasi. Mama alikuwa amepasha chanuo kwenye jiko la makaa, akalijaribu kwenye karatasi nyeupe kama walivyofanya mama wote: karatasi ikigeuka hudhurungi, subiri, ikibaki nyeupe, endelea. Akaniambia nishike sikio. Nilishika la kushoto. Hicho ndicho kilikuwa kipimajoto chetu, karatasi na bahati.

Chanuo hilo lina ukoo mrefu. Mwaka wa 1872 huko Paris, Mfaransa Marcel Grateau alianza kuwatia wateja wake mawimbi kwa koleo za chuma zilizopashwa moto. Marekani, chanuo la moto lilipata umaarufu kupitia Madam C.J. Walker, aliyezaliwa Sarah Breedlove mwaka wa 1867 na ambaye alitajirika kwa kuuza dawa na mbinu za nywele kwa wanawake weusi. Watu wengi husema yeye ndiye aliyelibuni. Si kweli, alilitumia na kulieneza, nalo lilikuwapo kabla yake. Hata hivyo ninachokipenda katika hadithi yake ni kwamba alianza na tatizo la kichwa chake mwenyewe, nywele zilizokuwa zikikatika, kisha akatafuta kifaa na dawa.

Siku hizi kifaa kinachozungumziwa zaidi ni Airwrap ya Dyson, iliyotoka 2018. Kinavuta nywele kwa mkondo wa hewa na kuzizungusha kwenye fimbo, bila kupita nyuzijoto 150. Kampuni yenyewe inasema ilitengeneza mifano 642 kabla ya kuridhika. Kilipotoka kiliuzwa Marekani kwa takriban dola 500, yaani kama Sh50,000 wakati huo. Sina ubishi na uhandisi wake. Lakini nywele zetu zilizojikunja barabara haziendi popote kwa kupulizwa tu. Zinataka kuvutwa huku zikipata joto, ndiyo maana msusi wako hukaza mkono hadi shingo inapinda.

Hapa inabidi tuingie darasani kidogo, usikimbie. Unywele ni protini iitwayo keratini, na ndani yake mna vifungo vya haidrojeni vinavyoshikilia umbo. Maji au joto huvilegeza. Ukizivuta nywele zikiwa zimelegea kisha zikapoa, zinabaki katika umbo jipya. Ndiyo maana mvua ya Aprili, au mvuke wa bafuni, hukurudisha ulikotoka. Dawa ya kunyoosha hugusa vifungo vingine, vya salfa, na hivyo havirudi hadi nywele mpya zikue.

Sasa joto likizidi, huo ni uharibifu usiotibika kwa mafuta yoyote. Mbaya zaidi ni kuchoma nywele zikiwa mbichi. Maji yaliyo ndani ya unywele huchemka na kuacha viputo, na unywele wenye viputo hukatika kama biskuti. Wataalamu wa ngozi wameonyesha kwamba fimbo yenye nyuzijoto 125 ikishikiliwa dakika moja inatosha kufanya hivyo. Halafu angalia pasi nyingi za madukani: namba ya mwisho ni 230. Nyingine zimeandikwa 450, na hapo ujue wanazungumza kwa Farenhaiti, ni karibu 232 za Selsiasi. Za bei ya chini kabisa hazina namba. Zina taa nyekundu tu, ya kukwambia kwamba zimewaka, jambo ambalo kidole chako tayari kinajua.

Kwa hivyo, giza likiwa limetanda Ruiru, nilianza kuchora nyuma ya risiti. Wazo la kwanza lilikuwa la tamaa: kifaa kimoja, vichwa sita vya kubadilisha. Lilikufa haraka. Blodraya ya saluni inakula wati 2,000. Ikikimbia nusu saa, yuniti nzima ya tokeni imeenda. Pasi ya nywele ikishapata joto inajitunza kwa wati 40 hivi. Kuviunganisha hivyo viwili ni kama kufunga injini ya lori kwenye bodaboda. Hewa iachwe peke yake. Vilivyobaki, chanuo la moto, pasi, fimbo na kazi ya ncha za misuko, vyote ni joto la mguso. Hivyo vinaweza kuishi nyumba moja.

Swali la pili ni wapi pa kubadilishia vichwa. Ukiweka kiungio cha umeme kati ya mpini na kichwa, kila ubadilishaji unakikwaruza, na mafuta ya nywele yanaingia. Saluni ya wateja kumi kwa siku itakiua upesi. Mimi ningeacha kiini cha joto ndani ya mpini daima, kirefu kama kalamu nene, kisha vichwa viwe magamba ya alumini tu ya kuvalishwa juu: lenye meno, lenye taya mbili bapa, la mviringo. Gamba likipotea, fundi anakutengenezea lingine. Hasara yake ni kwamba joto hupotea kwenye mwanya kati ya kiini na gamba, kwa hivyo lazima vikutane bila kucheza. Huo ndio ugumu halisi wa kifaa hiki, wala si rangi yake.

Misuko ndiyo iliyonichelewesha zaidi. Nyuzi za bandia huyeyuka kwenye joto ambalo nywele zako hazijali kabisa, kwa hiyo kifaa kinahitaji ngazi ya chini kabisa iliyotengwa. Leo tunatumia maji ya birika. Kwa bahati, Thika iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500 na maji huchemka kwa nyuzijoto 95 hivi, si 100. Milima imetupunguzia moto kidogo. Bado 95 zinatosha kumbabua mtoto anayekimbia sakafuni na mgongo wa mteja anayejitikisa.

Halafu kuna stima yenyewe. Kenya tunatumia volti 240. Pasi ambayo shangazi amekuletea kutoka Marekani imeundwa kwa 120. Volti zikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne, na ndiyo maana zawadi ile ilitoa moshi siku ya kwanza. Nyingi za bei rahisi nazo huja na pini mbili, nasi tunafungua soketi kwa kalamu ili ziingie. Umefanya hivyo. Mimi pia. Tuache.

Wazo lililonifanya nisahau harusi lilitoka kwenye chaja ya laptopu iliyokuwa sakafuni. Mbona kiini kisiundwe kwa volti 20? Chaja za aina hiyo zinapatikana kila duka la simu kuanzia Ruiru hadi Thika. Kiini chenye ukinzani wa omu 6.7 hivi kitatoa wati 60 kwa volti 20. Gamba la alumini la gramu 60 litafika nyuzijoto 180 kwa kama dakika mbili na nusu, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Ni polepole kuliko pasi nzuri ya ukutani, lakini waya unaoshikwa na mikono yenye maji hauna tena volti 240 ndani yake.

Na stima ikipotea? Chukua seli nne za lithiamu za kawaida, zilizopangwa kwa mfululizo: volti 14.8, takriban wati-saa 37. Kiini kilekile kitapata karibu wati 33. Kwenye karatasi hiyo ni saa moja na dakika chache. Mkononi itakuwa pungufu. Seli hizohizo kwenye blodraya ya wati 1,000 zingeisha ndani ya dakika mbili na ushei. Hazitoshi kufungua saluni. Zinatosha kumaliza nusu ya kichwa. Ila usizitoe kwenye laptopu kuukuu na kuzifunga kwa selotepu. Zinahitaji saketi ya kuzilinda, la sivyo umebeba moto karibu na uso wa mtu.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata kimoja cha vitu hivi kilicho mbali nasi. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru wakazi 490,120, na vichwa vyote hivyo vinatengenezwa mahali. Kati ya Ruiru na Thika, pale Juja, kuna JKUAT na wahandisi wake. Thika kuna taasisi ya kiufundi, na kuna kiwanda cha KVM ambacho kimeunganisha malori tangu enzi za Leyland. Mji unaoweza kuunganisha lori unaagiza chanuo la moto kutoka ng'ambo.

Ukitaka kujaribu, anza na yale ambayo wanafunzi hukosea. Mfano wa kwanza huchapishwa kwa plastiki ya PLA kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye printa. PLA hulegea kwenye nyuzijoto 60. Mpini wako utainama mbele ya majaji. Kata mbao, au tafuta mpini wa sufuria. Weka fyuzi ya joto inayokata moja kwa moja kipimajoto kikifeli, kwa sababu siku moja kitafeli. Weka kizimio cha kujizima. Mpe msusi akitumie siku nzima bila wewe kuwepo, na uangalie pale waya unapoingia kwenye mpini. Waya hukatikia hapo.

Kabla ya kuuza utakutana na Shirika la Viwango, KEBS. Kwa vifaa vya nywele kuna kiwango cha kimataifa, IEC 60335-2-23, na ni afadhali ukisome kabla hujatengeneza kitu kuliko baada ya kukataliwa. Wazo lenyewe linalindwa na KIPI: hataza hudumu miaka 20, cheti cha ubunifu mdogo miaka 10, na umbo la nje miaka mitano unayoweza kuhuisha mara mbili. Usikimbilie kulipakia TikTok kwanza. Katika nchi nyingi ukishalionyesha hadharani, upya wake umekwisha.

Gharama itakayokukaba koo ni kalibu ya chuma ya kumimina plastiki, ambayo huishinda bei ya vifaa mia vya kwanza vikijumlishwa. Ndiyo maana napenda magamba ya alumini. Mafundi wa jua kali huyeyusha alumini kuukuu na kuimimina kwenye mchanga kila siku, na kalibu yao ni mchanga.

Stima ilirudi saa mbili na robo. Saluni nzima ilipiga kelele kama timu imefunga bao. Msusi akachukua pasi, akaitemea kidole chenye mate kupima, tssss, akaniambia nishike sikio. Nikashika la kulia. Risiti yenye mchoro niliikunja nikaitia mfukoni, na sehemu ya kiungio cha magamba bado sijaipatia jibu.