Bei ya alama ya kujumlisha

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuuliza mfasiri ameacha nini njiani. Naomba tuulize vilevile kuhusu kompaila, ile programu inayofasiri maandishi ya mwandishi wa programu kuwa amri za mashine. Jambo hili linatugusa: wengi wetu tunakusanya matini za Kiswahili kwa ajili ya memwari, na kompyuta ndiyo inayotuhesabia maneno.

Kompaila haifasiri tu, inahariri pia. John Backus na wenzake wa IBM, walipotoa Fortran mwaka 1957, walijua kwamba tafsiri ikiwa nzito kuliko amri zilizoandikwa kwa mkono, hakuna atakayeitumia. Kwa hiyo waliifundisha kupunguza kazi isiyo ya lazima.

Lakini uhariri huo una mipaka. Chukua Java. Humo matini ikishaundwa haibadiliki tena, ila lugha inakuruhusu kuunganisha matini mbili kwa alama ya kujumlisha, kana kwamba ni hesabu ya shule ya msingi. Ni raha kuandika hivyo. Nyuma ya pazia inaundwa matini mpya, na herufi za zote mbili zinanakiliwa ndani yake. Sasa unganisha maneno 100,000, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na herufi 6 pamoja na nafasi. Kila mara, yote yaliyotangulia yananakiliwa upya. Jumla inafika karibu herufi bilioni 30, na matini yenyewe ina 600,000 tu! Kwa anayetegemea betri kwa kuwa umeme umekatika, hiyo si tofauti ndogo.

Mbona kompaila haioni? Inaona, lakini kwa kiasi. Ukiunganisha vipande vitano katika sentensi moja, inavikusanya kwa mara moja. Ukiviunganisha ndani ya kitanzi, kila mzunguko kwake ni sentensi mpya, nayo inaanza upya. Inafanana na mfasiri anayefuata sentensi moja moja bila kusoma aya nzima.

Dawa ni kuandika mwenyewe kwa StringBuilder, ambayo inatenga nafasi mapema na kuiongeza inapojaa. Kwa kuunganisha jina la mtu na la baba yake, alama ya kujumlisha inatosha kabisa.