Watu Wanatafuta Nini Leo?

Kila asubuhi, kabla hatujaamua habari ipi itangulie, tunafungua kwanza Google Trends kuona watu wanatafuta nini. Hatuoni aibu kusema hivyo. Mwuza samaki naye huuliza mji unataka nini kabla hajatandaza meza yake.

Huduma hiyo ilianza mwaka 2006, na wengi wanaoitumia hadi leo huisoma vibaya. Namba zinazoonekana pale, kuanzia 0 hadi 100, si idadi ya watu. 100 ni wakati ambapo neno lilitafutwa zaidi katika kipindi ulichochagua, likilinganishwa na utafutaji wote wa mahali hapo. 50 ni nusu ya kiwango hicho. Neno linalotafutwa na wachache huweza kuonyeshwa kuwa 0, ingawa wapo waliolitafuta. Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili jambo hili si dogo. Mswahili aliyeko Muscat au Minneapolis huandika swali moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kiingereza, na mengi ya maswali yake hayaonekani kwenye mchoro wowote.

Mengine, kusema kweli, hayahitaji kompyuta. Matokeo ya kidato cha nne, mwandamo wa mwezi wa Ramadhani, bajeti ya Juni: kila mtu anajua yatatafutwa lini. Anayeandika siku ile ile amechelewa.

Mtego upo kwenye kugeuza utafutaji kuwa ndiyo mhariri. Huko Marekani kampuni ya Demand Media, iliyomiliki eHow, ilitumia kompyuta kuchunguza watu wanauliza nini na matangazo gani yanalipa. Kichwa cha makala kikishapatikana, kilipewa mwandishi wa kujitegemea, ambaye mara nyingi alilipwa kama dola 15 tu. Kwa dola 15 nani atapiga simu hata moja kuhakikisha anachokiandika? Hata hivyo Januari 2011 kampuni iliingia kwenye soko la hisa la New York na kuthaminiwa zaidi ya dola bilioni 1. Mwezi uliofuata Google walibadili kanuni zao za kupanga majibu, mabadiliko yaliyokuja kuitwa Panda, ambayo yaligusa karibu asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani. Aprili yakaifikia eHow, na wasomaji wakapungua. Mwaka 2016 kampuni hiyo ikabadili jina.

Sisi nasi tuliwahi kuteleza. Kwa miaka mingi, kila ilipokaribia Oktoba, watu wengi walitafuta habari za bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile ya "green card". Mwaka mmoja tuliona mstari umepanda, tukaandika haraka haraka makala yenye kichwa cha kuvutia na maneno mengi matupu. Wasomaji wakamiminika, tukafurahi.

Ndani yake hatukueleza kwamba maombi yalipokelewa kwenye tovuti ya serikali ya Marekani peke yake, wala kwamba wakati huo kujaza fomu kulikuwa bure. Wiki moja baadaye tukapata barua: "Ndugu wahariri, mdogo wangu alisoma kwenu, hakuona pa kujazia, akatafuta pengine. Amelipa dola 60 kwa watu asiowajua na amewapa namba ya pasipoti yake."

Tuliifuta makala ile. Tukaandika nyingine yenye anwani sahihi, tarehe ya mwisho na vipimo vya picha, na tangu hapo, kabla ya kuchukua neno lolote linalopanda, mmoja wetu huulizwa: aliyelitafuta anataka kufanya nini akishamaliza kusoma? Makala ya pili ilichukua siku nne kuandikwa. Ilipotoka mstari ulikuwa umeshashuka, na waliokuja kuisoma walikuwa wachache mno.