Istikhara: Kutafuta Mwelekeo Wakati wa Kusitasita

Miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, mtu aliyefika njia panda, asijue aoe au asubiri, asafiri au abaki, mara nyingi huelekezwa kwenye istikhara, neno la Kiarabu lenye maana ya kumwomba Mwenyezi Mungu amchagulie mja lililo la kheri. Kwa mujibu wa hadithi ya Jabir bin Abdullah iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, mwombaji huswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha husoma dua maalumu ambamo hulitaja jambo lake, akiomba afanyiwe wepesi likiwa na kheri, au aepushwe nalo likiwa na shari. Ombi la mwisho ndilo zito zaidi, kwani mja huomba aridhishwe na kheri hiyo popote ilipo. Wengi hungoja ndoto, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa hadithi hiyo haitaji ndoto hata kidogo. Wala istikhara haiondoi istishara, yaani kutaka ushauri kwa wajuzi wa jambo lenyewe. Aliyekwisha kuswali na kushauriana asikae akisubiri ishara, bali aanze kulishughulikia jambo lake.