Bunge la Arusha: Jengo lililo mbali na Mutoyi, sheria zilizo mlangoni

MUTOYI, Gitega

Mfanyabiashara anayetoka Mutoyi kwenda kutafuta bidhaa Tanzania hupita Karusi na Muyinga hadi mpaka wa Kobero. Hapo, ofisa wa Burundi na mwenzake wa Tanzania wa upande wa Kabanga hufanya kazi chini ya utaratibu wa kituo kimoja. Utaratibu huo una sheria yake, Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya 2016, na sheria hiyo haikutungwa Gitega wala Dodoma. Ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao Arusha.

Bunge hilo lina historia ndefu kuliko jengo lake. Mwaka 1948, wakati wa ukoloni wa Waingereza, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa baraza moja la kutunga sheria, lenye makao Nairobi. Baada ya uhuru, nchi hizo tatu ziliunda Jumuiya mwaka 1967 na makao yakahamia Arusha. Huko yakajengwa majengo makubwa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti.

Jumuiya hiyo haikudumu. Mwaka 1977 ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kwa miaka sita yote hiyo, aliyezoea kuvusha mzigo Namanga au Holili alijua maana ya bunge lisilokaa tena.

Majengo yenyewe hayakubomolewa. Mwaka 1978 yakawa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC. Warundi wanakikumbuka kwa sababu nyingine: ndiko yalikofanyika mazungumzo ya amani ya Burundi, kwanza chini ya Mwalimu Nyerere na baadaye Nelson Mandela. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000.

Mkataba mpya wa Jumuiya ulianza kutumika mwaka huohuo, 2000. Bunge lilizinduliwa Novemba 2001, likawa mpangaji katika AICC, yaani katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya Jumuiya iliyokufa. Burundi na Rwanda zilijiunga Julai 1, 2007. Novemba 2012 ndipo makao mapya yalipozinduliwa, yakiwa yamejengwa kwa msaada wa Ujerumani. Eneo hilo moja lina Bunge, Mahakama ya Afrika Mashariki na Sekretarieti.

Mfanyabiashara mdogo anapata nini humo? Kwanza, wawakilishi. Kila nchi ina wajumbe 9, wanaochaguliwa na bunge la nchi hiyo kutoka nje ya wabunge wake. Kwa hiyo Burundi, ndogo kwa eneo, ina viti sawa na Tanzania. Pili, ana haki ya kupeleka malalamiko yake kwa maandishi mbele ya Bunge hilo. Tatu, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali katika Mahakama ya Jumuiya akiona imekiuka Mkataba, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili.

Upo pia utaratibu wa Jumuiya kwa wenye mizigo midogo. Bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huombewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Ukiwa nacho, hutozwi ushuru wa forodha. Usiondoke dirishani bila kukiulizia.

Hata hivyo, ukumbi peke yake haufungui njia. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, ingawa nchi zote mbili zina viti Arusha. Michango ya nchi wanachama nayo inapochelewa, shughuli za Bunge hukwama.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa Gitega na Muyinga wana sababu ya kuwafahamu wajumbe wao 9 kwa majina, na kuwaandikia kabla mzigo haujaoza barabarani. Mwaka 1977 majengo yalibaki yamesimama na soko likafa. Aliyepata hasara ni mwenye mzigo.