Nguruwe hunenepa bila antibiotiki, banda likiwa safi

Mkazi wa mtaa wa Milimani, Kisumu, anayeagiza nyama ya nguruwe mkahawani hana njia ya kujua mnyama huyo alilishwa nini. Kwa wafugaji wadogo wa Kisumu, chakula chenyewe ni pumba za mahindi, mabaki ya hoteli, machicha ya pombe, na omena kidogo zikipatikana. Wapo wanaoongeza kijiko cha unga wa manjano kutoka duka la agrovet: antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Nguruwe si mgonjwa. Anapewa ili anenepe upesi.

Mazoea haya ni ya zamani. Mwaka 1950, watafiti wa kampuni ya Lederle, Marekani, walitangaza kwamba Aureomycin, antibiotiki ya jamii hiyo hiyo, huharakisha ukuaji wa mifugo ikichanganywa kidogo katika chakula. Kasoro iko katika huo uchache. Dozi isiyotosha huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Hao nao huweza kumfikia binadamu kupitia nyama mbichi, mikono ya mchinjaji, au samadi ambayo mvua huisomba kutoka mabandani hadi mto Auji na kinamasi cha Dunga. Mwaka 2019, maambukizi yaliyoshinda dawa yaliua watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata Januari 2006. Denmark, nchi inayofuga nguruwe kwa wingi, iliziacha mwishoni mwa miaka ya 1990. Nguruwe wakubwa hawakudhurika sana. Waliotaabika ni watoto walioachishwa kunyonya: walihara zaidi, na kwa muda dawa za kuwatibu zikaongezeka.

Sababu iko tumboni. Mtoto wa nguruwe hajaanza kutoa asidi ya kutosha. Akinyonya, bakteria wema hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, ambayo humkinga. Akiachishwa ghafla na kuwekewa pumba, asidi hupungua, chakula hakisagiki sawasawa, na bakteria aina ya E. koli hunata kwenye kuta za utumbo. Baada ya siku chache utamwona mgongo umepinda, mkia umelowa, mbavu zinahesabika.

Nyongeza za chakula zinazochukua nafasi ya antibiotiki hulenga upungufu huo wa tumboni. Asidi kama fomiki na sitriki hurudisha ukali wa tumbo, na hupenya ndani ya bakteria na kuwavuruga. Bakteria wema, wakiwemo Laktobasilasi na Basilasi, hugombania nafasi na wale wabaya. Vimeng'enya kama faitesi hufungua fosforasi iliyofungwa ndani ya pumba na soya. Mafuta ya mimea kama oregano na vitunguu saumu nayo hutumika, ingawa matokeo yake hutofautiana sana shamba hadi shamba.

Hamira nayo imo. Kiwanda kimoja cha Muhoroni, katika kaunti ya Kisumu, kimekuwa kikitengeneza hamira ya mkate kwa molasi ya miwa. Hamira ya mifugo ni ya jamii hiyo hiyo, lakini huandaliwa na kupimwa kwa ajili ya wanyama; kuta za chembe zake huwanasa baadhi ya bakteria kabla hawajashika utumbo.

Hata hivyo, hakuna kati ya hizi inayotenda miujiza. Faida ya antibiotiki yenyewe ilikuwa kubwa zaidi katika mabanda machafu, na ndogo katika masafi. Kwa maneno mengine, kwa sehemu kubwa dawa ilikuwa inafunika uchafu na kuachisha mapema.

Basi mfugaji aanze na yasiyouzwa kwenye pakiti. Usiwaachishe watoto kabla ya wiki nne. Kwa chakula chetu cha pumba, sita ni salama zaidi. Waonjeshe chakula kikavu wangali wananyonya. Wape maji safi wakati wote, na mkojo usituame sakafuni. Chemsha mabaki ya hoteli barabara, kwa kuwa homa ya nguruwe ya Afrika huletwa na virusi vinavyoweza kuwamo katika mabaki hayo, na antibiotiki haiviui. Hayo yakishakaa sawa, ndipo ununue asidi au hamira, ukifuata kipimo cha pakiti. Nguruwe akiugua, mwite daktari wa mifugo, umalize dozi, na usimchinje kabla siku za kusubiri dawa itoke mwilini hazijaisha.